Ishara za Mchwa na Mbuta

Nilipopewa kazi Suna, mjini Migori, nilikuwa nimezoea kufundisha kwa sauti. Nilizaliwa Rusinga, kisiwa cha Ziwa Victoria, nyumba yetu ikitazama maji, na mtu aliyelelewa ufukweni anajua kupaza sauti: unamwita ndugu yako aliye ndani ya mtumbwi huku upepo unakubishia. Baadaye nikasomea elimu ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu, nikajifunza lugha ya ishara, nikapelekwa katika shule ya msingi yenye kitengo cha watoto viziwi. Chumba chetu kilikuwa cha mwisho kwenye safu ya madarasa, chenye madirisha pande zote mbili na mwanga kuliko chumba kingine chochote pale shuleni. Nilidhani ni bahati tu. Kumbe mkuu wa kitengo alikuwa amekipigania chumba kile mwaka mzima, kwa sababu giza kwa mtoto kiziwi ni kama kelele kwa mtoto anayesikia.

Mkuu wa kitengo mwenyewe ni kiziwi. Homa ya uti wa mgongo ilimwondolea usikivu akiwa mdogo, kabla hajaanza shule. Ni mtu mrefu, mpole wa uso, na mikono yake ikianza kuzungumza huwezi kutazama kwingine. Nimewaona walimu wasiojua ishara hata moja wakisimama mlangoni kwetu na vikombe vya chai, wakimtazama akisimulia, mpaka chai inapoa. Mimi ishara zangu wakati huo zilikuwa za chuoni, sahihi lakini ngumu kama viatu vipya. Watoto walinivumilia. Walipoambiwa kwamba natoka kisiwani, walinipa jina la ishara siku hiyo hiyo: mikono miwili inayovuta wavu. Nikajiona nimepokelewa.

Aliniachia sayansi ya gredi ya tano. Kitabu chetu cha sayansi ni cha Kiingereza, lakini hapa nitayaandika maneno yake kwa Kiswahili, na mazungumzo ya ishara nitayaandika kama mazungumzo mengine yoyote, maana ndivyo yalivyokuwa. Mada ya muhula ilikuwa ikolojia, yaani jinsi viumbe wanavyoishi pamoja na jinsi wanavyotegemeana na mahali walipo. Siku moja nikaandika ubaoni neno kiozeshaji. Nikalitamka kwa vidole, herufi moja moja. Watoto wakalirudia kwa vidole vyao, wepesi na safi, hakuna aliyeruka herufi. Nilifurahi sana. Nikageuka, nikamwona mkuu wa kitengo amesimama mlangoni.

Aliingia, akawauliza watoto, "Ni nini hiyo?"

Mikono yote ikalala mapajani. Mvulana wa mbele akajaribu kulitamka tena kwa vidole, safari hii kwa kasi zaidi, kana kwamba kasi ingeleta maana.

"Umewapa herufi," mwalimu huyo mkuu aliniambia. Hakuwa amekasirika. "Neno bado hujawapa."

"Ishara yake ni ipi?" nikauliza.

"Hapa hatuna. Kama iko Nairobi, haijatufikia."

"Sasa tufanye nini?"

Akatabasamu, akapiga sakafu kwa mguu ili mtikisiko uwafikie wote, na watoto wakainuka kumfuata nje.

Nyuma ya jiko la shule kulikuwa na gogo la mkaratusi lililoanguka siku nyingi, ambalo wapishi waliliacha kwa sababu lilikuwa limeshaharibika, halifai hata kwa kuni. Mwalimu alilibingirisha kwa mguu. Chini yake mchwa wakakimbia huku na huko, weupe, wamekasirika. Kulikuwa na uyoga mdogo kama vifungo vya shati, na mahali ambapo gogo lilikutana na ardhi hukuweza kusema mti unaishia wapi na udongo unaanzia wapi. Alivunja kipande kwa vidole, akamwekea kila mtoto kiganjani. Hawakuambiwa kitu. Walikifikicha, kikawa unga. Walinusa. Mmoja alionja, akatema, wote wakacheka.

"Huu ulikuwa mti," mwalimu akasema. "Nani ameugeuza hivi?"

Wakaonyesha mchwa. Wakaonyesha uyoga.

"Na wengine ambao hatuwaoni kwa macho, wadogo kabisa," akaongeza. "Hao wote kazi yao ni moja. Wanachukua kilichokufa, wanakirudisha kwenye udongo. Halafu udongo unafanya nini?"

Hapo ndipo msichana mmoja alipopenya mpaka mbele.

Nieleze kidogo habari za msichana huyu. Alitoka kwenye boma la wafugaji upande wa mpaka wa Tanzania, mbali na barabara ya lami. Alizaliwa kiziwi, na kwao hakuna aliyejua lugha ya ishara, kwa hiyo aliletwa shule akiwa mkubwa, akiwa na ishara chache tu za nyumbani: kula, ng'ombe, mvua, njoo, usiguse. Nilipomkuta alikuwa ameishi na lugha kamili miaka miwili tu, na sijawahi kuona mtu mwenye njaa ya maneno kama yeye. Angekufuata mpaka ofisini kuuliza ishara ya kitu alichokiona dirishani. Nyusi yake moja ilikuwa na kovu lililoikata katikati, na jina lake la ishara lilikuwa hilo, kidole kikipita kwenye nyusi.

Alisimama mbele yetu akainua ngumi ya mkono wa kushoto. Vidole vya mkono wa kulia vikaanza kuidonoa ngumi ile pande zote, upesi upesi, na ngumi ikaanza kulegea, ikafunguka, ikawa kiganja bapa kilicholala kama ardhi. Kisha, kutoka chini ya kiganja, kidole kimoja cha mkono wa kulia kikachomoza katikati ya vidole vya kushoto, polepole, kikasimama.

Halafu mwalimu akainua mikono yake yote miwili juu, akaitikisa hewani, ambayo ndiyo makofi ya viziwi, na uwanja wote nyuma ya jiko ukajaa mikono inayotikisika. Mpishi alitoka kutazama kuna nini. Nilishindwa kumweleza. Ningemwambiaje kwamba mtoto amefundisha kifo, kuoza na kuota upya bila kutumia hata neno moja, na amemaliza kabla uji haujaepuliwa jikoni?

Baada ya siku ile somo langu lilibadilika. Mwalimu alitoa masharti, nami nikayashika. Mtoto asipendekeze ishara ya kitu ambacho hajakiona au hajaweza kukieleza kwa mwenzake. Ishara ikiumiza vidole, itupwe. Walimu wasipige kura. Hili la mwisho lilinitesa, maana mara nyingi nilikuwa na wazo nililoliona zuri, na ilinibidi nikalie mikono yangu.

Mzalishaji, yaani mmea unaojitengenezea chakula kwa jua, ulipata ishara asubuhi moja tu: mkono wa jua unafunguka juu, vidole vya chini vinakua kuufuata. Makazi yalitusumbua. Mtu wa kwanza alitaka kutumia ishara ya nyumba, lile paa la viganja viwili, na mwingine akamuuliza samaki ana paa gani. Walibishana mpaka wakati wa chakula. Mwishowe walikubaliana kiganja kilichokunjwa kama bakuli, na ngumi ya mkono mwingine ikajipakata humo ndani, ikajigeuza kidogo kama ndama anayetafuta namna ya kulala. Nikiitumia ishara hiyo hadi leo, mwili wangu unatulia.

Tulipofika kwenye maeneo makubwa ya dunia, yale ambayo kitabu kinayaita biomu, nilidhani tutakwama. Savana waliijua. Jangwa wangeweza kulikisia. Lakini utawaelezaje watoto wa Migori habari za tundra, nchi ya baridi kali ambako ardhi ya chini haiyeyuki mwaka mzima? Niliwapeleka kwenye duka la jirani, na mwenye duka, mama mmoja mcheshi, akatufungulia friji ya soda. Ubavuni mwake barafu ilikuwa imeganda nene kama ukuta. Walipanga foleni kuingiza mkono na kuuacha humo mpaka uanze kuuma. Msichana wa kovu aliuacha kuliko wote. Alipoutoa, aliutazama, akauliza, "Kuna nyasi zinazoishi humu?"

"Ziko fupi fupi. Na kuvumwani, ule ukoga unaoota juu ya mawe."

"Zinawezaje?"

Nilimjibu nilivyoweza, lakini swali lake lilikuwa limejaa heshima kwa nyasi zile, na nikajikuta nami naziheshimu.

Bado neno lenyewe, biomu, lilikataa. Walilichanganya na makazi. Kila nilipoeleza, walinionyesha ile ngumi ndani ya bakuli, na mimi nikatikisa kichwa. Mwalimu aliingia, akavua koti lake na kulitundika begani mwa mvulana mmoja. "Makazi ni pale unapolala," akasema. "Biomu ni nguo ambayo dunia imevaa mahali fulani. Mvua na joto ndio mafundi cherehani. Mvua nyingi na joto jingi, dunia inavaa msitu mzito. Mvua ya msimu, inavaa nyasi na miti ya kuhesabika. Mvua ikikosekana, inabaki karibu uchi. Ndani ya nguo moja kuna mifuko mingi. Mfuko ndio makazi." Kisha akafanya ngumi, hiyo ndiyo dunia, na mkono mwingine ukaivisha, ukipita juu yake taratibu. Nilimwona mvulana mwenye koti akiingiza mkono mfukoni, akacheka mwenyewe. Alikuwa ameelewa.

Ulikuwa wakati wa furaha, nami ningeridhika nao. Mwalimu hakuridhika. Siku moja tukisahihisha kazi aliniambia, "Ishara inayojulikana na darasa moja bado ni siri. Mkalimani wa mtihani akitoka kwingine, watoto hawa wataonekana kama hawajui chochote."

Kwa hiyo tuliwarekodi kwa simu yake, kila mtoto na ishara yake, tukaituma video kwa kitengo cha viziwi cha Homa Bay. Jibu lilikuja upesi kuliko tulivyotarajia. Watoto wa Homa Bay nao walikuwa wanasoma mada ile ile na walikuwa na ishara zao. Kwenye video yao, mvulana mrefu mwembamba aliiga ishara yetu ya mlaji, ile ya ngumi inayozunguka kwenye shavu kama taya la ng'ombe anayecheua, kisha akaanguka kwa kicheko, na wenzake wote wakamwangukia. Ishara yao ilikuwa mkono unaopanuka kama mdomo wa mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, na kumeza hewa.

Darasa langu lilikasirika. Sijawahi kuona hasira iliyonipendeza vile. Walitaka kwenda Homa Bay siku ile ile.

Tulienda wiki mbili baadaye, kwa basi tuliloazima kutoka shule jirani. Dereva alikuwa mzee wa Kijaluo mwenye heshima nyingi. Tulipopita Awendo aliniangalia kwenye kioo akasema, "Mwalimu, watoto wako wametulia sana. Wale wetu wangekuwa wamenipasua masikio." Nikageuka. Watoto walikuwa wamepiga magoti juu ya viti, wamegeukia nyuma, na basi zima lilikuwa linapiga kelele kwa mikono. Mmoja alikuwa anaonyesha mashamba ya miwa yasiyokwisha na kuuliza kama hiyo ni biomu. Mwalimu alimjibu kutoka kiti cha nyuma kabisa, bila kuinuka, "Hapana, hilo ni shamba. Hapo dunia haikujivalia, imevalishwa na mtu." Mjadala wa jibu hilo ulitufikisha Rongo, na tulipoanza kuteremka na kukiona kilima cha Asego na ziwa likimeta upande wa pili, walikuwa bado wanauliza ni nguo gani iliyovuliwa hapo ili miwa ivalishwe.

Wenyeji wetu walitupeleka ufukweni, mahali penye mafunjo mengi, kando ya wanawake waliokuwa wanaanika omena, dagaa wa ziwani. Mwalimu wao ni mwanamke anayesikia, lakini mama yake alikuwa kiziwi, na ishara ndiyo lugha aliyoinyonya. Yeye na mkuu wa kitengo chetu walisalimiana kama watu wa kijiji kimoja waliokutana ugenini. Watoto hawakusalimiana sana. Walipanga mistari miwili wakitazamana, na yule mrefu mwembamba akatokea mbele.

"Mlaji," akasema, na mkono wake ukameza.

Msichana wa kovu akatoka upande wetu. "Ng'ombe hamezi hivyo. Anatafuna."

"Samaki hatafuni."

"Samaki ni wengi kuliko ng'ombe?"

"Hapa? Sana."

"Kwetu hapana."

Waliendelea hivyo kwa muda, mikono ikizidi kuwa mikubwa, mpaka mtoto mdogo wa Homa Bay, msichana aliyevaa sweta kubwa kuliko yeye, akaenda akasimama katikati yao. Alimgusa msichana wetu akafanya ishara ya ng'ombe, kisha akaonyesha nyasi. Alimgusa kijana wao akafanya ishara ya mbuta, kisha akaonyesha samaki. Akawatazama wote wawili kama anayengoja watu wazima wapate akili. Mlaji wa mimea, mlaji wa nyama. Hatukuwa na ishara mbili zinazogombana. Tulikuwa na nusu mbili za somo moja, kila nusu imeota pale ilipo.

Niliwatazama walimu wenzangu. Hakuna aliyekuwa ameinua hata kidole. Yule mwalimu wa Homa Bay alikuwa amejifunga mikono kwa leso yake mwenyewe ili asiingilie, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Mtandao wa chakula haukubishaniwa. Watoto wa ziwani waliuonyesha kwa vidole vilivyopitana kama nyuzi za wavu, kisha wakavuta kidole kimoja na vingine vyote vikafuata. Darasa langu liliiona, likaichukua, likaitupilia mbali ile yetu iliyokuwa ndefu na ya kuchosha. Mvulana mmoja wa kwetu alikwenda mpaka kwenye wavu uliotandazwa chini ya omena, akavuta uzi mmoja kwa adabu, akaona omena wa upande wa mbali wakitikisika. Mama mwenye omena alimfokea kwa Kijaluo. Nikamwomba radhi nikamweleza tunajifunza nini. Akatazama wavu wake, akasema, "Basi avute tena, lakini polepole."

Ugomvi mkubwa ulikuja baada ya chakula. Pale panapotupwa matumbo ya samaki walisimama korongo wakubwa wenye vipara, mabega juu, kama watu wanaongoja kuitwa ofisini. Kijana mrefu, ambaye sasa alikuwa ameipenda ishara yetu ya kiozeshaji, aliwaonyesha akafanya ngumi inayodonolewa.

"Hapana," msichana wetu akasema.

"Anakula kilichooza. Kila siku namwona."

"Anakula, halafu?"

"Halafu anaruka."

"Basi ameondoka nacho. Kiozeshaji harukiruki. Anakirudisha chini."

Kijana hakukubali. Alisema bila ndege wale ufuo ungenuka, kwa hiyo kazi ni moja. Wenzake walimuunga mkono, na kusema kweli hoja ilikuwa na uzito. Msichana wetu alitazama huku na huko. Kisha akavua viatu, akaingia kwenye mafunjo mpaka magotini, akazamisha mkono, akatoka na tope jeusi linalotiririka mpaka kwenye kiwiko. Harufu ilitufikia sote. Ndani ya tope kulikuwa na vipande vya mashina ya mafunjo, laini kama ugali uliolala, na vijidudu vyembamba vikijinyonganyonga. Alimpelekea kijana tope lile mpaka chini ya pua. Akachomeka ndani yake, kwa mkono mwingine, ubua mchanga wa funjo wenye ncha ya kijani. Ubua ukasimama.

Kijana alirudi nyuma akishika pua, akicheka, na bado akicheka akainua mikono yake yote miwili hewani akaitikisa. Halafu akanyanyua mabega hadi masikioni, akaweka shingo mbele, akawa korongo kabisa. Hiyo ikawa ishara ya mla mizoga. Tunaitumia hadi sasa, na kila mtu mpya akifika kitengoni hujifunza hiyo mapema, kwa sababu huwezi kuifanya bila kutabasamu.

Mkuu wa kitengo alikuwa ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Nilikwenda nikakaa karibu naye.

"Umeona ishara ya kiozeshaji wanavyoifanya sasa?" akaniuliza.

Sikuwa nimegundua. Nilitazama. Kule kudonoa pande zote kulikuwa kumepungua, kukabaki kugusa mara moja tu, ngumi ikafunguka, kidole kikachomoza. Ilikuwa imefupika midomoni mwao, nataka kusema, ingawa hakukuwa na midomo.

"Imeanza kuchakaa kwa kutumiwa," akasema. "Sasa ni neno."

Mwisho wa mwaka mkalimani wa tathmini alitoka upande wa Homa Bay, naye alizijua ishara zile kwa sababu watoto wa kule walikuwa wamemfundisha. Swali la mnyororo wa chakula lilipokuja, hakuna mtoto aliyebaki na mikono mapajani. Wengine walifanya vizuri, wengine wastani, kama darasa lolote lile. Lakini nililoliona zaidi lilitokea siku ya kufunga shule.

Baba yake msichana wa kovu alikuja kumchukua kwa pikipiki. Ni mfugaji mwenye mwili wa kazi, aliyevaa koti zito ingawa jua lilikuwa kali. Mimi Kikuria sijui, yeye Kijaluo hajui, tukasalimiana kwa Kiswahili.

"Mwalimu, kwani mmemfundisha nini huyu?" akaniuliza. "Siku hizi akija nyumbani anaongea na ng'ombe kwa mikono."

"Na ng'ombe wanaelewa, mzee?"

"Wanaelewa kuliko mimi."

Alisema kwa mzaha, lakini aliniangalia kidogo kabla ya kuangalia kando. Kisha, ili kubadilisha habari, akasema mambo nyumbani ni mazuri, wamechoma nyasi za mlima wakisubiri mvua, majani mapya yatakuja mazuri. Binti yake alinigusa bega akataka nimfasirie. Nikamfasiria. Akageuka akamkabili baba yake.

"Mmechoma upande gani?"

"Mwambie ule wa juu ya kisima."

Mikono ya msichana ilipanda juu kama moto. Nilifasiri nikikimbizana nayo. Mmechoma wazalishaji. Mmechoma na viozeshaji. Mvua itapiga udongo usiokuwa na nguo.

"Viozeshaji ndio nani?" mzee akauliza.

Sikuwahi kujibu; msichana alikuwa amelisoma swali usoni mwa baba yake. Alikuwa amekwisha kumwonyesha, ngumi, kugusa, kiganja, kidole kinachochomoza, na baba yake akatazama mpaka mwisho.

"Mchwa," akasema polepole. "Anasema mchwa?"

"Mchwa, na uyoga, na wale mende wanaobingirisha kinyesi cha ng'ombe," nikafasiri.

"Basi mwambie mchwa hawaungui. Moto unapita juu, wao wako chini kabisa. Nimeyaona hayo maisha yangu yote."

Msichana alisimama akifikiri. Niliona amekubali kwamba ni kweli. Kisha akauliza, "Na mende?"

Mzee akavua kofia. "Mende... hao wanaungua," akasema.

Msichana akafungua viganja vyake viwili mbele yake. Haikuhitaji mkalimani.

Nilidhani mzee atakasirika, kwani wazazi wengine walikuwa wanatazama. Aliigeuzageuza kofia mkononi. "Huyu hajawahi kunibishia tangu azaliwe," akasema. "Mimi nilikuwa namwonyesha jambo, anafanya. Namwonyesha, anafanya. Sikujua kama kuna siku alikuwa hakubaliani na mimi." Akapangusa uso kwa kofia ile. Halafu akainama kidogo kwangu, kama mtu anayeomba kitu cha aibu. "Mwalimu, nionyeshe namna ya kumwambia kwamba kwa mchwa nimemshinda."

Nilimwonyesha. Vidole vyake vilikuwa vigumu, vimezoea kamba na fimbo, na ngumi yake ilipofunguka ilifunguka yote kwa pamoja kama mtu anayetupa kitu. Binti yake alimshika mkono, akamkunja kidole kimoja baada ya kingine, akamfanya arudie. Akarudia. Akarudia tena mpaka ikafaa. Msichana akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba sasa ameelewa, na papo hapo akaanza kumjibu, na baba yake akaanza kunivuta shati nimwambie anasema nini.